Bakuli la Mayu Ngolo

Ninyi vijana mliopokea funguo za stoo ya kanisa letu hapa Bariadi mliniomba, siku ile ya kuniaga, niwaandikie mawili matatu kuhusu kazi. Nadhani mliomba kwa heshima tu, kama mtu anavyomwambia mgeni karibu tena huku mkono uko kwenye komeo. Bahati mbaya mimi nikiombwa kitu huwa naamini kwamba kinatakiwa. Basi someni.

Sitasimulia posho wala vyeo. Cheo kilikuwa kimoja, mtunza stoo, nilianza nacho na nikamaliza nacho. Waumini waliniongezea kingine cha bure, Baba Stoo, ambacho hata mke wangu alikuja kukitumia, hasa akiwa na hasira.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe. Nilikuwa nimesikia kanisa linatafuta mtu mwaminifu wa kutunza mali, na hilo neno mali lilinifanya niwaze meza, kiti cha kuzunguka na labda feni. Mzee Maduhu, aliyeifanya kazi hiyo tangu stoo ikiwa kibanda cha nyasi, alilitazama shati langu kwa huruma. Aliniamkia vizuri kwa salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka, baba," akaniuliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, halafu akanikabidhi ndoo ya majivu na kipande cha gunia. Mali ilikuwa nyuma ya kanisa, imefunikwa masizi, inanisubiri.

Ilikuwa ni masufuria makubwa ya shughuli, miiko mirefu ya kusongea ugali, mabenchi na maturubai. Kanisa lilikuwa limeyapata kidogo kidogo, kwa michango ya wakulima wa pamba, na wazee waliamua tangu mwanzo kwamba yeyote mwenye msiba au harusi aazime bure. Hakuna kukodi, hakuna rehani. Unakuja, unaeleza shida yako, unabeba.

Mzee Maduhu aliyaita masufuria kwa majina. Kubwa kuliko yote lilikuwa Askofu, kwa sababu likitoka lazima lisindikizwe na watu wengi. Mawili yaliyofanana yalikuwa Wazee wa Kanisa, yanachukua muda mrefu kupata moto. Lile lenye mkono uliolegea lilikuwa Kwaya, maana halikuweza kusogezwa hatua moja bila kelele. Nilicheka siku ya kwanza, ila nilipomaliza mwezi nami nilikuwa nauliza bila aibu, "Askofu amerudi? Ameoshwa?"

Alinifundisha kazi kwa vitendo. Kabla sufuria haijatoka, igonge kitako kwa kidole kilichokunjwa na usikilize. Yenye ufa inalia kama mtu mwenye mafua. Turubai usilikunje likiwa na umande, hata kama wenyewe wana haraka. Mwiko usimpe mtu bila kumwuliza nani atasonga, kwa sababu kuna mikono inayovunja miiko. Na mwazimaji usimwulize anasali wapi, mwulize anategemea wageni wangapi.

Hilo la mwisho nililielewa siku alipokuja mganga wa kienyeji, mtu maarufu, mwenye bangili mpaka kwenye viwiko, akitaka vyombo vya msiba wa mama yake. Nilimvuta Mzee Maduhu pembeni nikamnong'oneza kama anamfahamu mteja wetu. Alisema anamfahamu sana, walichunga pamoja, halafu akaongeza kwamba sufuria haijawahi kubatizwa kwa hiyo haiwezi kuasi. Mganga akampata Askofu, na tukamsaidia kumpakia kwenye mkokoteni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha kazi hii, ingawa halikuandikwa kwenye barua yoyote ya ajira. Mganga yule alipomrudisha Askofu, nilifungua mfuniko kutazama kama ameoshwa, nikakuta michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, imejaa hadi nusu. Nilidhani amesahau. Nikataka nimkimbilie barabarani. Mzee Maduhu akanishika bega, akaniuliza nimelelewa na nani.

Nililelewa na watu, kwa hiyo nilijua. Huku kwetu chombo cha mwenzako hukirudishi kitupu. Ukiletewa mboga kwenye sahani, sahani inarudi na karanga, au chumvi, au hata embe moja. Nilichokuwa sijui ni kwamba desturi hiyo inafika hadi kwenye vyombo vya kanisa. Nilimwuliza kama haya si malipo kwa mlango wa nyuma. Akaniambia malipo yana bei, nimtajie bei ya michembe ile.

Na haikukaa stoo. Asubuhi michembe ilipikwa, na waliokula ni watu wanaouguza ndugu zao hospitalini, wale waliotoka vijijini na godoro na ndoo bila kujua watakaa siku ngapi. Kilichobaki alifungiwa mwinjilisti aliyekuwa anatoka kwa baiskeli. Mganga wa kienyeji aliwalisha wanaouguza hospitalini na mwinjilisti kwa siku moja, na hakuna kati yao aliyejua. Mzee Maduhu aliona jambo hilo ni la kuchekesha kuliko mimi nilivyoliona wakati ule.

Yalirudi mengi. Dengu, choroko, nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, mahindi mabichi. Kuna Kwaya lililorudi na jogoo mzima mzima, miguu imefungwa vibaya, siku ya Jumapili, na jogoo huyo akatoka stoo akaingia kanisani katikati ya mahubiri, akapanda kwenye benchi la akina mama na kutulia. Mhubiri alisema hata huyu ametubu. Kuna Mzee wa Kanisa mmoja, nasema sufuria, aliyerudi ananuka pombe ya mtama kiasi kwamba mzee wa kanisa mwingine, nasema mtu, alisimama mlangoni akivuta hewa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa uchunguzi. Tulilianika juani na kulisugua kwa limau. Jirani mmoja aliyeazima turubai la msiba alilitumia msimu mzima kuanikia pamba, na alipolirudisha lilikuwa na pamba ndani ya kila pindo. Tulijazia mito ya wageni.

Mzee Maduhu alipochoka alirudi kwao Maswa, pale Binza, na mimi nikabaki na majivu. Miaka ikaenda. Shati jeupe nilishalisahau.

Kisha akaja Mchungaji Masalu. Ninyi mmemkuta ameshaiva, mimi nilimpokea mbichi. Alikuwa Msukuma kwa jina, lakini amezaliwa na kukulia Dar, na salamu zetu alizijifunza kwa bidii na kuzitumia ovyo. Alikuwa anatuamkia mwangaluka jua likizama. Tulimwitikia vilevile, tukaanza upya siku pamoja naye. Alikuwa mtu wa moyo safi kabisa, na hiyo ndiyo iliyotuletea tabu.

Siku moja alikuwa amesimama nami stoo akamwona mama mmoja, kanga imechanika, anarudisha sufuria yenye kuku. Alisubiri mama aondoke. Kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyeumia, "Baba Stoo, yule mama nyumbani kwake amebakiwa na kuku wangapi?" Nilisema sijui. Akasema hapo ndipo tatizo lilipo. Akanieleza kwamba neema haina nauli, kwamba kinachotolewa kwa jina la Bwana kitolewe bure kwelikweli, na kwamba sisi tumewatoza maskini kodi bila kujua. Nilitaka kumweleza habari za sahani na embe, ila alikuwa anakaribia kulia, na mtu anayelia kwa ajili ya maskini humkatizi.

Jumapili akatangaza. Kuanzia siku hiyo vyombo vya kanisa virudi vimeoshwa na vikiwa vitupu. Atakayeweka kitu ndani atarudishiwa. Alihubiri vizuri sana, watu waliitikia amina, wengine walifuta machozi.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja kuazima.

Mwanzoni nilidhani ni bahati, hakuna aliyekufa wala kuoa. Lakini nilikuwa nasikia vilio, na nilikuwa nasikia vigelegele. Watu walikuwa wanapita na visufuria vidogo vya kuunganisha kwa majirani, wengine wakakodi vyombo kwenye maduka ya sherehe mjini, wakiuza mbuzi ili wakodi. Askofu akaingia vumbi. Buibui akajenga ndani ya Kwaya, na kwa mara ya kwanza likawa kimya. Wanaouguza wagonjwa walikuja mlangoni asubuhi, wakaona sina kitu, wakaniomba radhi kwa usumbufu. Hilo la kuombwa radhi lilinichoma.

Mchungaji yeye alifurahi. Alisema unaona, watu wamejitegemea.

Ndipo ikafika harusi ya Minza. Mama yake, Mayu Ngolo, ni mjane, analima dengu na pamba nje kidogo ya mji, na tangu mumewe afariki alikuwa amemlea Minza peke yake. Bwana harusi alitoka Lamadi, kwenye ukoo wa wauza samaki, watu wa pesa na watu wa kelele, na walikuwa wametuma neno kwamba watakuja ukoo mzima kumchukua bibi harusi. Mnajua wakwe kwetu ni nini. Ukishindwa kuwalisha wakwe, mtoto wako ataishi na maneno hayo mpaka apate wajukuu. Na Mayu Ngolo hakuwa na chombo cha kupikia ukoo mzima, wala mbuzi wa kuuza akakodi.

Nilimsubiri stoo. Hakuja. Zilipobaki siku chache nikapanda baiskeli kumfuata. Nilimkuta anapepeta dengu. Alinikaribisha, akanipa kigoda na maji, tukamaliza salamu zote. Nikamwambia Askofu ameoshwa, anamsubiri.

"Sitamchukua," alisema.

Nikamwambia ni bure.

"Najua ni bure. Baba, nikikurudishia tupu ni kama nimekwambia tumemalizana, tusijuane tena. Mimi sijagombana na kanisa." Akapepeta kidogo, kisha akasema, "Au mmeona mimi sina hata dengu za kuwapa?"

Hapo alilia. Hakulia kwa sauti, aliendelea kupepeta huku machozi yanadondoka, na mimi nilikaa kwenye kigoda kile nikiwa sijui pa kuweka macho. Aliniambia amepanga kupika kwa zamu kwenye visufuria vya majirani, wakwe wa kwanza wale, wa mwisho wasubiri. Sote wawili tulijua maana ya wakwe kusubiri.

Nilirudi nikamweleza Mchungaji neno kwa neno. Sikumwongezea la kwangu. Aliumia, akasema mama huyu amefungwa na desturi na inabidi amfungue mwenyewe. Akapanda pikipiki akaenda.

Yaliyotokea huko alinisimulia yeye baadaye, na amekubali niyaandike mradi nisizidishe. Mayu Ngolo alimpokea kwa furaha. Alimkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, akamwacha aeleze habari ya neema mpaka mwisho, akiitikia kila mahali panapostahili. Wakati anaeleza, kuku alikuwa anachinjwa nyuma ya nyumba. Mchungaji alikula, na alikula vizuri. Alipoaga, Mayu Ngolo akamuuliza hali ya Mama Mchungaji, ambaye alikuwa amejifungua karibuni. Akajibiwa ni mzima. Akaingia ndani akatoka na bakuli lake la udongo, lile zuri alilopewa alipoolewa, limejaa uji mzito wa mtama na karanga, limefungwa kwa kitambaa. Ni la mzazi, alisema. Mtu atakataaje chakula cha mzazi? Mchungaji akalifunga kwenye pikipiki kwa uangalifu, akaendesha polepole njia nzima.

Uji uliliwa. Bakuli likaoshwa. Likabaki mezani.

Sasa Mama Mchungaji alikuwa mwenyeji wa huku huku, amelelewa na bibi yake pale Binza, na wakati wa tangazo lile la Jumapili alikuwa amemtazama mumewe kwa macho ambayo mumewe aliyaona kuwa ya kuvutiwa. Mchungaji alipomwambia atume mtu arudishe bakuli, alimwuliza likiwa na nini. Akasema likiwa safi. Mama akasema yeye hana mtu wa kumtuma na bakuli tupu kwa mjane aliyemlisha akiwa mzazi, na kama Mchungaji ana nguvu hizo, pikipiki ipo.

Mchungaji alinikuta stoo asubuhi ya tatu, bakuli liko kwenye mfuko begani. Siku ya kwanza alikuwa ametoka nyumbani kulirudisha, akafika njia panda, akageuza. Siku ya pili akafika hadi kwenye kisima cha jirani wa Mayu Ngolo, akageuza. Alikaa juu ya Mzee wa Kanisa aliyepinduliwa, akaniambia kwamba mkono umekataa. Anajua maandiko yote, anajua hana deni, lakini akimfikiria yule mama akifunua kitambaa na kukuta patupu anaona uso unamwaka. Nilitamani kucheka hadi nikaingia ndani kujifanya natafuta mwiko. Nilipotoka alikuwa anacheka yeye.

"Baba Stoo," aliniambia, "hivi nimewafanyia watu wote hawa hivi?"

Nilisema ndiyo, baba, ila ulihubiri vizuri.

Aliongozana na mkewe na mtoto siku hiyo hiyo, bakuli limejaa sukari, na sabuni ya kuogea juu yake, kwa Mayu Ngolo. Nilikuwepo, maana nilifuata kwa nyuma na mkokoteni, kwa matumaini. Mayu Ngolo alifunua kitambaa, akatazama, akasema wabeja, yaani asante, kwa sauti ndogo. Akambeba mtoto. Halafu akanigeukia mimi, kama vile tulikuwa hatujawahi kuzungumza jambo hilo, akaniuliza, "Baba Stoo, Askofu ana nafasi wiki hii?"

Wakwe wa Lamadi walikuja ukoo mzima kama walivyoahidi na kupita ahadi. Walikula wote kwa mara moja, wali na nyama na ugali, na hakuna aliyesubiri. Mchungaji alishika mwiko akasonga, akavunja mwiko. Minza alipoondoka, mama yake alisimama wima kabisa barabarani akipunga mkono, na mimi niliyewaona watu wengi wakiaga sijawahi kuona mtu amesimama vile.

Askofu alirudi na sangara waliokaushwa, zawadi ya wakwe, wamejaa mpaka mfuniko umekataa kufunga. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyefunua. Jumapili alipanda mimbarani akasema tangazo lile lilikuwa la mtu mwenye kiburi cha kutoa, anayetaka atoe tu na asipewe, na analifuta. Watu waliitikia amina kuliko mara ya kwanza. Wanaouguza walikula samaki wa Lamadi wiki nzima. Buibui alihama Kwaya.

Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia, na sababu ni hii. Siku mliyoniaga mlimleta Askofu nyumbani kwangu juu ya mkokoteni, amejaa mchele, unga, sukari na vitenge vya mke wangu. Mkaimba, mkaomba, mkaondoka. Askofu mkamwacha. Nilidhani mmesahau, nikataka niwakimbilie barabarani, kisha nikakumbuka mmelelewa na nani.

Nitasema wazi kinachonitisha. Si uzee, wala si magoti. Nilizoea mlango unaobishwa hodi tangu asubuhi, watu wanaokuja na shida zao na kurudi na michembe yao, na sasa nakaa uani nasikia kuku tu. Mke wangu ananiuliza kila siku sufuria la watu linarudi lini. Namwambia bado natafuta cha kuweka. Ukweli ni kwamba nilikuwa sitaki kulirudisha, maana likisharudi mngekuwa hamna sababu ya kuja.

Leo nalileta. Dengu ni za shamba letu, michembe ameikata mke wangu kwa mkono wake. Karatasi hizi ziko chini kabisa, ndani ya kapu dogo, ili mle kwanza ndipo msome. Mgongeni Askofu kitako kabla hajatoka tena.

Kapu ni la mke wangu, analipenda sana. Mlirudishe mkipata nafasi, sisi tupo.